Symphorien Alichelewa kwa Siku Kumi na Tano

Jumatatu asubuhi, saa mbili na nusu, Agnès alifunika cherehani yake kwa kitambaa, akavaa viatu, akaenda na mumewe kwa wakili. Kutoka Dilala hadi mjini walipanda pikipiki moja, Agnès katikati, mumewe nyuma. Dereva alitoza abiria mmoja, kwa kuwa pikipiki haikulemewa na wawili. Mumewe, Symphorien, alikuwa amezikwa siku kumi na tatu zilizopita. Alivaa suti ya kijivu aliyozikwa nayo, na kitu pekee kilichomtofautisha na watu wengine wa Kolwezi ni kwamba vumbi halikumshika.

Wakili huyo, Maître Yolande, alikuwa na ofisi ndogo juu ya duka la dawa. Aliwakaribisha wote wawili, akafungua daftari, akamgeukia mwanamume, akimwita tata, yaani baba.

"Tata, ulikufa tarehe ngapi?"

"Tarehe kumi na mbili. Siku ya Mungu, baada ya misa."

"Na leo ni makumi mbili na saba." Aliandika. "Basi umechelewa siku kumi na tano."

Symphorien alikubali kwa kichwa. Miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi umeme wa kampuni la migodi, na hakuwahi kuchelewa kazini hata siku moja.

Alichotaka ni rahisi. Alitaka kuandika kwamba nyumba ya matofali ya Dilala, ambayo kampuni lilimwachia alipostaafu, ni ya Agnès na ya Jémima. Jémima alikuwa mtoto wa marehemu dada yake Agnès. Walimchukua akiwa na miezi minane, wakamlea kama wao, maana hawakujaliwa kuzaa. Sasa alikuwa na miaka kumi na tisa, akisomea uuguzi, na alipoulizwa baba yake ni nani alisema Symphorien bila kufikiri.

"Mulioana wapi?" Maître aliuliza.

"Nilitoa mahari yote. Padri alitubariki."

"Na kwa commune?"

Mume na mke walitazamana. Kwa commune, ofisi ya serikali inayoandikisha ndoa na watoto, hawakwenda. Mwaka ule karani alikuwa mgonjwa, mwaka uliofuata kulikuwa na shughuli nyingine, na baadaye ilionekana aibu watu wazima waende kuandikisha ndoa ambayo mtaa mzima unaijua.

"Mtaa unajua," Maître alisema. "Commune haijui. Na huyu mutoto, mulimuandikisha kama wenu?"

"Nani angetuuliza?" alisema Agnès.

Maître Yolande aliweka kalamu chini. Alieleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kueleza jambo hilo mara nyingi. Kwa makaratasi, Agnès alikuwa mwanamke aliyeishi kwa Symphorien, na Jémima alikuwa mgeni aliyekaa miaka kumi na minane. Mtu asiye na mtoto wala mke kwa makaratasi hurithiwa na ndugu zake.

"Kama ungekuya mbele ya tarehe kumi na mbili, tata, ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Unaandika na mukono yako mwenyewe, haina na mashini, unatia tarehe, unasaini. Ao tunaenda kwa notaire na bashahidi, yeye anaandika, anatia muhuri, karatasi inabakia kwake, hakuna mutu wa kuipasua. Unasema nyumba ni ya nani. Unachagua mutu wa kusimamia. Njo ile tu."

"Nipe karatasi," alisema Symphorien.

Alimpa. Symphorien aliandika kwa mwandiko mzuri wa fundi, herufi zilizosimama wima, akalitaja jina la mkewe, la mtoto na namba ya nyumba. Lakini kila alipofika mwisho wa mstari, mwanzo wake ulikuwa umekwisha kufutika. Alijaribu kalamu nyekundu, kisha penseli. Maître alimsubiri hadi akamaliza ukurasa, akauchukua, akautazama pande zote mbili, akaurudisha kwenye bunda la karatasi nyeupe kwa sababu ulikuwa bado unafaa.

Nje, kwenye ngazi, Agnès alimuuliza swali ambalo hakutaka kumuuliza mbele ya wakili.

"Juu ya nini haukuandika, wakati mukono yako ilikuwa inaandika?"

Malori ya shaba yalipita moja baada ya jingine, na vumbi likamfunika Agnès peke yake.

"Niliona haya," alisema mwishowe. "Batu bote ba kazini balikuwa banakuya kuniuliza mambo. Mi sikujua hata mulango gani unagonga. Nikasema nitauliza siku moja."

"Siku gani?"

"Sikuichagua."

Agnès alijifuta uso kwa kitenge. Alikuwa na hasira, na hakujua pa kuiweka, kwa maana huwezi kumgombeza marehemu kama unavyomgombeza mtu atakayekuwa na muda wa kujirekebisha. Walirudi nyumbani kwa miguu.

Jumamosi iliyofuata baraza la ukoo lilikaa sebuleni. Mkubwa wao alikuwa Godefroid, kaka yake Symphorien, aliyekuwa amefika kutoka Kasaji kwa mazishi na hakuwa ameondoka. Alipomwona mdogo wake ameketi kwenye kiti chake cha kila siku, alilia. Alimshika bega, akamuuliza kama kule kuna baridi. Symphorien alisema si sana. Kisha Godefroid akafuta machozi, akatoa funguo za nyumba mfukoni, akaziweka mezani mbele yake mwenyewe.

"Kaka," Symphorien alisema, "nyumba ni ya Agnès na ya Jémima."

"Iko wapi karatasi?"

"Hakuna. Niko nasema na kinywa yangu."

Godefroid hakuwa mtu mbaya. Aliacha shule akiwa na miaka kumi na mitatu, akalima mihogo ili mdogo wake asome, na jambo hilo hakuna aliyelisahau, Symphorien hasa. Aliongea kwa upole.

"Ukiwa muzima, ulikuwa na kauli, na sisi tulinyamaza. Sasa umekufa, kauli ni ya ukoo. Hata weye unajua hii."

"Najua," alisema Symphorien.

"Basi."

Jémima alisimama. Alisema kwamba ni yeye aliyemwosha baba wiki tatu za mwisho, ni yeye aliyemgeuza kitandani, na tangu alipoanza kuugua hakuona hata mmoja wao mlangoni. Shangazi mmoja aliinamisha macho. Godefroid alimwambia kwamba ukoo unamshukuru sana, naye alimaanisha. Kisha katibu akaandika uamuzi: nyumba kwa Godefroid, wanawake watoke mwisho wa mwezi. Kwenye orodha ya waliohudhuria aliandika majina kumi na moja. Kwenye jina la Symphorien alisita, akaandika "hayupo," na Symphorien, aliyekuwa akisoma begani kwake, hakupinga.

Maître Yolande alipeleka kesi mahakamani. Hakimu alimsikiliza Symphorien kwa heshima, akauliza kama ana cheti cha kuzaliwa. Alikuwa nacho. Akauliza kama ana cheti cha kifo. Alikuwa nacho pia. Hakimu akasema cha pili kinakifunga cha kwanza, akaahirisha. Ameahirisha mara nne tangu hapo.

Agnès na Jémima walihamia chumba cha kupanga, mtaa wa pili. Symphorien aliwasaidia kupanga vitu, yaani aliwaonyesha kitu gani kikae wapi, kisha akaketi karibu na dirisha. Hakula, lakini alipenda kuwa karibu na chakula. Mchana alimfundisha Jémima kurekebisha soketi za chumba kile, ambazo zilikuwa za hatari.

Wiki ya pili Agnès alichukua kitambulisho chake, akarudi kwa Maître Yolande. Alikuwa na cherehani, na kiwanja kidogo kwenye barabara ya Kasaji, ambacho alikinunua kwa ushonaji wake na kina hati yenye jina lake.

"Nataka bitu byangu biende kwa Jémima," alisema. "Leo. Haina kesho."

"Uko mugonjwa, mama?"

"Hapana. Njo maana nimekuya."

Walikwenda kwa notaire, afisa wa serikali anayeandika hati na kuzitia muhuri, siku hiyohiyo. Foleni ilikuwa ndefu lakini ilisogea. Symphorien alijitolea kuwa shahidi, na notaire akamweleza, bila kuinua macho, kwamba shahidi anatakiwa awe hai. Waliitwa watu wawili kutoka duka la dawa. Agnès alisema maneno yake, notaire akayaandika, akamsomea kwa sauti kutoka mwanzo hadi mwisho. Symphorien aligundua kwamba jina la Jémima limekosewa herufi moja, likasahihishwa, na wote wakatia saini pembeni ya masahihisho. Muhuri uligongwa. Ilichukua muda mfupi kuliko kupika maharage.

Agnès alipotoka nje alishikilia ukuta. Hakulia siku ya mazishi namna alivyolia pale.

"Ilikuwa hii tu?" alimuuliza mumewe. "Symphorien, ilikuwa hii tu?"

"Njo hii tu," alisema.

Nyumba ya Dilala imepakwa rangi ya kijani sasa. Godefroid ameleta watoto wake sita kutoka Kasaji, wanasoma shule iliyo karibu, na akikutana na Agnès sokoni humsalimu vizuri na kumuuliza habari za mgonjwa, akimaanisha marehemu.

Na Symphorien huenda kwa notaire kila Jumatatu na kila Alhamisi. Amekwisha kuambiwa kwamba haiwezekani, na yeye amekwisha kusema ameelewa, lakini hakuna sheria inayomkataza kupanga foleni. Hufika kabla ya mlango kufunguliwa, na huwa wa kwanza. Watu wamemzoea. Wanaona ni mtulivu, hana haraka, hachoki kusimama, basi humwomba awashikie nafasi. Mmoja anasema amesahau hati ya nyumba, atarudi sasa hivi. Mwingine anasema anakwenda kununua mkate. Mwingine anasema ndiyo kwanza ana miaka arobaini, hata wiki ijayo si mbaya, lakini tata amshikie nafasi.

Yeye huwashikia wote. Anakumbuka majina yao kwa mpangilio, nani baada ya nani. Saa tisa mlinzi anapokuja kufunga mlango, Symphorien huwa amesimama peke yake, na nyuma yake kuna foleni ndefu ya watu ambao hawajarudi.