Idara ya Nishati

Walburga alikuwa akichambua maharage kwenye ungo, jua limeshazama na umeme ukiwa zamu ya mtaa mwingine, alipogundua kwamba anaziona changarawe vizuri kuliko mchana. Akageuka. Mwanga ulikuwa unatoka kwa binti yake Devota, aliyekaa kizingitini anasoma hesabu. Ulianzia shingoni ukateremka mpaka vidoleni, mweupe, umetulia.

"Sogea huku kwenye ungo," Walburga akasema. "Mafuta ya taa yenyewe yamepanda bei."

Devota akasogea. Maharage yakaisha mapema siku hiyo.

Ulikuwa mwaka wa tisini na nane, na kila mtu mjini Songea alikuwa akiambiwa ashindane. Devota alikuwa amemaliza kidato cha sita na kupata nafasi ya kusomea shahada ya kompyuta Dar es Salaam. Nafasi alikuwa nayo. Wa kumlipia hakuwa naye, maana serikali ilikuwa imetangaza kwamba elimu sasa ni ya kuchangia. Alijiandaa kama mtu anavyojiandaa kwa komunyo ya kwanza. Alirudia hesabu zote. Kila Jumamosi alikwenda kwa masista waliokuwa na kompyuta moja, wakamwachia aishike. Uani kwao Mjimwema alichora mishale mchangani: maharage yameiva? Ndiyo, epua. Bado? Ongeza maji, rudi mwanzo. Walburga aliutazama mchoro ule akasema huo ni upishi tu, na upishi haumpeleki mtu Dar.

Ndipo alipokuja mtaalamu wa ajira, Bwana Rupert, akawahutubia vijana kwenye ukumbi wa parokia.

"Soko ni huria," alisema. "Tafuteni mwajiri awadhamini. Lakini vyeti kila mtu anavyo, na mwajiri hana muda. Ukiingia kwenye usaili, ung'are!"

Devota alikuwa mtoto wa kusikia alichoambiwa. Wiki haikuisha, akang'ara.

Mtaani hakuna aliyeshtuka. Majirani walileta nguo za kushona, wakakaa naye barazani. Paroko alimwomba, kwa upole, asali kwenye mabenchi ya nyuma, kwa kuwa akikaa mbele mishumaa ya altare inaonekana kama haijawashwa. Baba yake, Kajetani, fundi wa baiskeli, alimsimamisha karibu yake kila alipotafuta tundu kwenye mpira.

Wakati huo kampuni moja mpya ya kununua tumbaku na korosho ilikuwa imefungua ofisi mjini, nayo ilitangaza kazi ya kompyuta. Mkurugenzi, Bwana Osmund, aliahidi kwamba baada ya mwaka mmoja kampuni itamsomesha shahada mtu mmoja kutoka idara ya kompyuta. Devota alivaa sketi yake ya kanisani akaenda.

Siku ya usaili umeme haukuwepo. Bwana Osmund alikuwa amekaa gizani na mhasibu wake, Mzee Fidelisi, mapazia yamefungwa kuzuia vumbi. Devota alipoingia, wote wawili wakaonekana.

"Shikamooni."

"Marahaba. Unajua nini kuhusu kompyuta?"

Devota akaeleza. Alieleza namna ya kuipa mashine amri, namna ya kugawa tatizo kubwa vipande vidogo, na jinsi uzito wa tumbaku ungeweza kuhesabiwa bila kurudia kazi. Alieleza vizuri. Mzee Fidelisi hakuwa anasikiliza. Alikuwa anautazama waya wa kompyuta. Akauokota, akampa Devota upande wa plagi.

"Hebu shika hapa, mwanangu."

Devota akashika. Kompyuta ikalia, kioo kikawaka.

"Tumewahoji wengi," Bwana Osmund akasema, akisimama kumpa mkono. "Wewe ndiye uliyeng'ara."

Jumatatu akakuta meza ya kompyuta ina mtu. Alikuwa Remmy, mtoto wa dada yake Bwana Osmund, kijana mpole aliyependa mchezo wa karata uliokuwa ndani ya mashine. Kiti cha Devota kiliwekwa nyuma ya meza, karibu na ukuta. Kazi yake ilikuwa kushika waya.

"Dada, hii barua imepotelea wapi?" Remmy angeuliza.

"Hujaihifadhi. Bonyeza pale juu, kushoto."

"Wewe unajua sana," Remmy angesema kwa moyo mweupe, na kurudi kwenye karata.

Nyumbani Devota hakusema. Kajetani alikuwa ameshawaambia wateja wake wote kwamba binti yake yuko kwenye kompyuta, na hilo halikuwa uongo.

Mwaka ulipokaribia kuisha, walikuja wageni wa makao makuu kutoka Dar, waone jinsi tawi la Songea lilivyoendelea. Remmy akaanza kuwaonyesha hesabu za msimu, hesabu ambazo Devota alikuwa amemwelekeza kuzipanga, mstari kwa mstari, akiwa nyuma ya mashine. Mgeni mmoja akamsifu Remmy. Devota akaufungua mkono, waya ukaanguka. Kioo kikawa cheusi.

Akangoja waulize.

"Ah, umeme wa mikoani," mgeni akasema. Wakaletewa chai. Wakaongea habari za barabara ya Tunduru, wakacheka. Mzee Fidelisi akainama, akauokota waya, akauweka tena kiganjani mwa Devota na kuvikunja vidole vyake kimoja kimoja, bila ukali, kama anayemfunga mtoto vifungo vya shati.

Wiki iliyofuata ikatangazwa kwamba anayekwenda kusoma ni Remmy. Kajetani alivaa koti lake la Krismasi akaenda ofisini mwenyewe.

"Mkurugenzi, binti yangu ndiye aliyepata nafasi chuoni. Huyu kijana hata hesabu hakusoma."

"Mzee wangu, nakuelewa. Lakini udhamini ni wa idara ya kompyuta."

"Na Devota yuko wapi?"

"Devota yuko idara ya nishati," Bwana Osmund akasema. "Idara muhimu sana. Akiondoka huyu, Remmy atasoma kompyuta aje kuiwasha na nini?"

Kajetani akamtazama binti yake. Devota alikuwa amesikia. Hasira ilimpanda kutoka tumboni, na kadiri ilivyopanda ndivyo mwanga ulivyozidi, mpaka feni ya darini, iliyokuwa haijazunguka tangu masika, ikaanza kuzunguka. Karatasi zikapeperuka mezani.

"Unaona?" Bwana Osmund akasema, akizikamata karatasi. "Anazidi kukua kikazi."

Mwezi huohuo akaagiza jokofu.

Remmy alipanda basi la Dar akiwa na sanduku jipya. Kwenye meza yake akaja Careen, shemeji wa mkurugenzi, ambaye hakuwahi kugusa kompyuta na hakuficha.

"Dada, naanzia wapi?"

Devota akamwonyesha pa kubonyeza, akamweleza mara mbili, taratibu, mpaka akaelewa. Kisha akazunguka nyuma ya meza akakaa, waya wa kompyuta mkono wa kulia, wa jokofu mkono wa kushoto. Mashine ikalia. Bwana Osmund akafungua soda, akaonja. Ilikuwa ya baridi sawasawa.