Tumeelewa, Madam

Kesho saa nne asubuhi wanafunzi wangu kumi na sita kati ya kumi na tisa wanarudia mtihani. Wakianguka tena, darasa linafungwa. Mkurugenzi wetu, Bwana Qais, ameniambia hivyo mara mbili, kwa upole, na upole wake ndio ulionitia hofu.

Nafundisha kuandika programu za kompyuta kwa mtandao, nikiwa hapa Tabora mjini. Wanafunzi wako Igalula, Isikizya, wengine jirani na Kipalapala. Mwezi mzima nimehangaika: vipindi nimevifupisha, michoro nimeongeza, hata kuongea nimejifunza upya. Kila nikiuliza, "Mmeelewa?" jibu ni lile lile: "Tumeelewa, madam." Wameelewa nini, na kumi na sita walianguka? Nimefika mahali nawachukia kidogo, na kujichukia zaidi.

Leo alasiri niliandika mbele yao programu fupi ya kuhesabu moja hadi kumi. Nikaiendesha. Moja, moja, moja. Skrini nzima ikajaa moja. Nikasoma juu hadi chini, nikarudia. Sioni kosa. Dakika kumi na tano zikapita hivyo. Mwishowe nikalia, maikrofoni ikiwa wazi.

"Shikamoo, madam." Alikuwa Minza wa Igalula, ambaye hajawahi kuuliza swali.

"Marahaba."

"Samahani sana. Kuna mstari umeuruka pale chini. Kwenye daftari langu upo."

Kweli, ule wa kuongeza namba. Nikauandika, programu ikahesabu hadi kumi, ikasimama.

"Umeona saa ngapi, Minza?"

"Tangu mwanzo, madam. Niliona aibu kukusahihisha."

"Na huo mstari unafanya kazi gani?"

Nikasikia kurasa zikifunuliwa.

"Sijui, madam. Nimenakili kila ulichoandika, madaftari mawili yamejaa. Maana yake sijui, tangu wiki ya kwanza."

"Mbona ulisema umeelewa?"

"Unajitahidi sana, madam. Tungekujibuje vibaya?"

Nilitaka kumfokea, nikageukia darasa zima.

"Nani mwingine?" nikauliza.

Maikrofoni zikafunguka moja moja. Na mimi, madam. Na mimi. Wote kumi na tisa, hata wale watatu waliofaulu.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Nikafuta skrini yote, nikaanza somo la kwanza, na safari hii sikuuliza kama wameelewa.