Magurudumu Yote Manne

Mzee Nyundo alilala chali kwenye kiti cha nyuma cha gari alilotaka kununua, viatu vikining'inia nje ya mlango, akatazama dari. Muuzaji alidhani mteja wake ameishiwa nguvu.

"Mzee wangu, nikuletee maji?"

"Maji ya nini? Napima."

Alichokuwa akikipima hakina rula. Mkewe alikata roho ndani ya gari la wagonjwa, kwenye kona ya kilima wanachokaa, magurudumu ya mbele yakizunguka bure na kurusha matope huku ya nyuma yametulia kama wageni waalikwa. Tangu siku hiyo fundi mawe huyu hakuwa na neno jema kwa wakubwa. Kila uchaguzi waliahidi kumwaga kokoto. Kila uchaguzi wakamwaga maneno. Sasa binti yake amerudi nyumbani kujifungua, tumbo linamtangulia mlangoni, na mawingu yameshaanza kukusanyika. Barabara haitakuja. Lilibaki gari, tena la bei ya mtu wa nyundo na tindo.

"Hili linanitosha," alisema akijiinua. Lilikuwa refu, jeusi, linang'aa. Nyuma lilibandikwa maandishi yaliyotamba kwamba linavuta kwa magurudumu yote manne. Lilifanana na la mheshimiwa mbunge wao, tena lililizidi kimo. Hilo hakulitamka, lakini liliwaka machoni mwake.

Binti, aliyefuatana naye hapo kwenye uwanja wa magari, aliegemea nguzo, mkono kiunoni. "Baba, tunanunua gari, au tunamnunulia mheshimiwa kidonda cha roho?"

"Anipishe njiani siku moja tu. Aone."

"Akishaona? Ndiyo nitajifungua salama?"

Muuzaji alicheka, akaona hakuna anayecheka naye, akakimeza kicheko.

Pembeni mwa uwanja, wanapooshea magari, palikuwa na mwinuko mfupi wa udongo uliolowa hadi kulegea. Binti akaunyooshea kidole. "Lipande pale."

"Dada yangu, hili si nimeliosha asubuhi!"

"Utaliosha tena."

Muuzaji akaliingiza. Lilinguruma kwa majivuno, likafika katikati, magurudumu ya mbele yakaanza kuzunguka. Ya nyuma yakatulia tuli. Mzee Nyundo aliusikia mlio ule, mwembamba, wa tope linalosagwa, na uwanja wote ukamtoka machoni. Alikuwa tena kwenye kona, bega limekaza mlango wa gari la wagonjwa, akisukuma na kumwita mtu asiyeitika.

"Lizime! Lizime, nakuomba!"

Muuzaji akazima. Alishuka akiyatazama maandishi ya nyuma kana kwamba yamemsaliti yeye pia. "Ndivyo lilivyoletwa, mzee wangu."

"Hata lile la hospitali ndivyo lilivyoletwa," mzee alijibu.

Nyuma ya safu lilikuwapo jingine, la zamani, fupi, rangi ya vumbi, mlango mmoja haufanani na wenzake. Muuzaji hakuwa hata na hamu ya kulisifu. "Watu hawalitaki kwa sura. Lakini injini haijawahi kufunguliwa, na vipuri vyake havisumbui."

"Sura wataitazama walio nje," alisema binti.

Lilipanda. Halikunguruma, lilipanda tu, matope yakitapakaa pande zote, hakuna gurudumu lililowaachia wenzake mzigo. Mzee Nyundo akapiga magoti, akachungulia kutu uvunguni, akasikiliza injini ikipumua. Kisha akafungua mlango wa nyuma, akalala. Alikawia humo. Safari hii hakuna aliyemuuliza kuhusu maji.

"Fupi kidogo," alisema hatimaye. "Mama yako angelazimika kukunja magoti."

Binti aliinamia mlango. "Angekunja, baba."

Mvua iliwakuta njiani wakirudi nalo nyumbani. Mikono ya mzee, iliyowahi kuendesha lori la mawe, ilishika usukani bila papara, na gari likaanza kupanda kilima huku maji mekundu yakiteremka kulilaki. Walipofika kwenye kona ile, mzee akasimamisha.

Binti alishika tumbo. "Tumekwama?"

"Hatujakwama."

Aliacha injini ikiunguruma taratibu, macho kwenye kioo cha kutazamia nyuma, ambamo kiti kilikuwa kitupu. Alingoja kama dereva anayengoja abiria wake akae vizuri. Kisha akatia gia.