Maiti Hasemi

Mwongozaji wa filamu alikuwa na sheria moja tu, na kila asubuhi aliirudia akiwa amepanda juu ya meza yetu ya kukatia vitambaa: maiti hasemi. Maiti anatembea, anaguna, anang'ata, anapigwa, anaanguka. Lakini akitoa neno, hata "jamani" tu, picha imeharibika na sote tunaanza upya. Siku ya kwanza mzee mmoja alijikwaa kwenye mguu wa cherehani akamwita mama yake. Tulirudia kuutembea ukumbi ule mpaka nyayo zikaota malengelenge, na mzee akaambiwa kesho asije. Tangu hapo hatukuhitaji kukumbushwa.

Mimi watu huniita Mdomo, kwa hiyo fikiria mwenyewe nilivyoteseka.

Niseme kwanza tulifikaje hapo. Kile kilikuwa kiwanda chetu cha nguo. Mimi nilishona kola, na mdogo wangu alipiga pasi mwisho wa laini ya cherehani, ndiyo maana kila mtu alimwita Pasi. Asubuhi moja tulikuta mlango mkubwa umefungwa kwa mnyororo. Mlinzi tuliyemwita Geti, jitu la kifua kipana lililozoea kutupekua kila jioni tukitoka, likatuambia kazi zimekwisha. Tulipokataa kuondoka walinzi wakatutawanya kwa virungu, na Geti aling'oa jino langu la mbele. Kiwanda kikanyamaza, popo wakahamia, mpaka walipokuja watu wa filamu wakitafuta jengo kubwa lisilo na uhai. Walitaka mazombi kama mia hivi na askari wachache. Tukaja walewale. Waliokonda wakawekwa upande wa maiti, wenye vifua, Geti akiwa wa kwanza, wakavalishwa kofia za chuma za askari, na hakuna aliyeshangaa kuona nani kaangukia wapi. Mpambaji aliponishika taya anipake damu yake ya sharubati, aliona pengo langu akafurahi.

"Hili usilizibe, dada," akasema. "Linafaa sana."

Pasi alifurahi kuliko wote. Alikuwa na ugonjwa wa filamu za mazombi tangu utotoni, na kila alipopata msikilizaji alimchosha.

"Dada, hizi si filamu za kutisha. Hizi ni taarifa ya habari," alikuwa akiniambia. "Zombi anaamka, anafuata wenzake, hajui aendako, anachotaka ni kula tu. Si ndio sisi asubuhi pale mlangoni?"

"Zombi gani anapekuliwa akitoka?" nilimjibu.

Basi mwongozaji naye akatukusanya akatuhubiria yaleyale. Akasema mazombi hawa ni jamii ya leo, ni sisi sote, tunatembea bila kufikiri, tunamezana. Pasi akanipiga kiwiko: "Umesikia? Si nilikwambia?" Mimi nilichokiona ni mtu anayesema "sisi sote" akiwa amekaa peke yake chini ya feni moja tu iliyokuwa ikifanya kazi. Lakini nilinyamaza, maana mdogo wangu alikuwa amepata jambo. Alikuwa amebuni mguno wake, unaoanzia tumboni na kukatikia puani, na mwongozaji alipousikia alimsimamisha mbele atufundishe wote. Tangu kiwanda kifungwe, Pasi alikuwa akitembea akitazama vidole vya miguu yake. Siku ile aliinua kichwa. Nilimwonea fahari.

Kunyamaza kwenyewe hakukuwa kugeni kwetu. Enzi za kazi, cherehani ziliponguruma usingesikika hata ungepasua koo, na msimamizi hakupenda kuona midomo ikicheza. Kwa hiyo tulikuwa na ishara yetu. Sindano ikikupitia kidole, au pasi ikikubabua, unapiga meza kwa kiganja mara tatu. Mtetemo unapita kwenye mbao mpaka mwisho wa laini, na kila anayeusikia anatoa mguu kwenye pedali papo hapo, hata kama kola imebakiza tundu moja la sindano. "Toa mguu" ndiyo maneno ya kwanza tuliyomfundisha kila mgeni. Hukuuliza ni nani, wala kama mna ugomvi naye. Hata Geti aliijua ishara ile, maana ndiye aliyekuwa akiitwa kuwabeba walioumia.

Sasa siku yenyewe. Tulikuwa tunapiga picha kubwa, maiti tunavunja mstari wa askari tuingie chumba cha pasi. Askari walipewa virungu vya sponji vilivyopakwa rangi nyeusi, na kila walipotupiga vilijikunja kama sandali mbovu. Sisi tulicheka kimoyomoyo. Mwongozaji hakucheka.

"Kata! Mnawapiga au mnawapangusa vumbi?" akafoka, akijigonga kifua. "Nataka niyasikie mapigo hapa! Anayeweza kupiga apige!"

"Mzaha mzaha hutumbuka usaha," Bibi Vifungo akaninong'oneza. Huyo alikuwa mkongwe wetu, aliyeshona vifungo tangu kiwanda kinajengwa.

Tukapumzishwa kidogo. Geti akatoka nje. Baadaye ndipo tulipojua kwamba alikwenda kwenye kibanda chake cha zamani pale mlangoni, na kwamba kirungu alichorudi nacho hakikuwa cha sponji.

Tukaanza tena. Pasi alikuwa mstari wa mbele, mimi nyuma yake. Tuliburuza miguu, tukaguna, tukawafikia. Pigo la kwanza la Geti lilimpata mdogo wangu begani, naye akaguna. La pili lilimpata ubavuni na nikasikia kitu kikivunjika, nikadhani ni meza. Akapiga magoti, bado anaguna, ule mguno wake, tena mzuri kuliko siku zote. Nikajisemea, hee, huyu mtoto leo kajitoa! Geti akampiga usoni. Matone yakanirukia mdomoni, nikayalamba bila kufikiri, kama tulivyokuwa tukiilamba sharubati ya mpambaji siku nzima kwa utani. Hayakuwa matamu. Yalikuwa ya moto na ya chumvi.

Pasi alikuwa kifudifudi. Angeweza kupiga kelele, angeweza kusema basi. Hakutaka kutuharibia picha. Akainua mkono, akapiga sakafu kwa kiganja. Pa. Pa. Pa.

Maiti wote tukasimama. Hakuna aliyeamua, miguu ilisimama yenyewe, kama ilivyofanya miaka yote.

"Nzuri hiyo!" mwongozaji akapiga kelele toka chini ya feni. "Kamera isizime! Endeleeni!"

Geti akainua kirungu tena. Hapo ndipo tulipomwendea.

Bibi Vifungo alimfikia wa kwanza, akaning'inia shingoni na kumng'ata sikio mpaka likabaki kipande mdomoni mwake. Mkata vitambaa alimshika nywele, wengine wakamshika miguu, jitu likaanguka kwa kishindo. Askari wenzake walivua kofia za chuma wakakimbia. Watu walimkanyaga, wakamkwaruza, wakampiga kwa miguu ya viti vya cherehani, na katika yote hayo hakuna aliyetamka neno. Tuliguna tu. Mwongozaji alikuwa anarukaruka kwa furaha. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Mimi niliokota kirungu, na uzito wake ukanieleza kila kitu. Nilimpiga Geti gotini, goti likapinda upande usiopinda. Nikampiga mdomoni. Niliona meno yakitoka, mengi kuliko lile langu moja, na sikushiba. Nikaweka mguu kwenye koo lake. Nilitaka kumuua, sitafuti neno laini la kusema. Nilitaka nisikie pumzi yake ya mwisho ikipita chini ya kisigino changu.

Macho yalimtoka. Mkono wake ukapapasa sakafuni, ukainuka. Pa. Pa. Pa.

Wenzangu wakaachia. Hata Bibi Vifungo akatema, akarudi nyuma, anahema. Ishara ni ishara. Mimi sikutoa mguu. Nilikandamiza, kama ninavyokandamiza pedali msimamizi akiwa amesimama mgongoni.

Kitu kikanishika kifundo cha mguu. Nilitazama chini. Mdogo wangu alikuwa amejiburuza mpaka pale, nyuma yake kuna mchirizi mpana, na upande mmoja wa uso wake haukuwa na umbo tena. Midomo ikajaribu, ikashindwa, ikajaribu.

"Toa mguu, dada."

Nikatoa. Geti akavuta pumzi kwa sauti ya mlango mbovu.

"Kata! Kata!" Mwongozaji alikuwa anakuja mbio, amekunja uso. "Nani kasema? Maiti gani huyo kasema? Picha nzuri namna ile, halafu mtu anafungua mdomo!"

Nilikaa sakafuni nikamweka Pasi mapajani, nikamwita majina yote, la kazini na alilopewa na mama. Vidole vyake vililegea kwenye kifundo changu kabla hata ya gari la hospitali kupatikana. Mpambaji alikuja na taulo akaanza kumpangusa damu, akapangusa, akapangusa, mpaka alipoelewa kwamba hii haikuwa ya kwake, akakaa chini akalia.

Wakasema ni ajali kazini. Geti alihojiwa kitandani, hakuwa na meno ya kujibia vizuri, mambo yakaishia hapo. Filamu ikatoka. Wenye akili zao wakaandika kwamba ni kioo cha jamii.

Nilikwenda kuiangalia mchana mmoja. Ukumbi ulijaa watu wanatafuna bisi. Kirungu kilipompata mdogo wangu usoni walishangilia, kijana mmoja akapiga mluzi. Nilivumilia. Kiganja kilipopiga sakafu waliona ni maiti anayetapatapa, wakacheka. Nilivumilia hilo pia, kwa sababu nilikuwa nangoja neno lake. Nililipa kiingilio kwa ajili ya neno lile moja. Nilitaka kusikia sauti yake.

Ikaja. Yuko pale, amenishika mguu, midomo inacheza. Na badala ya sauti yake wamebandika mguno, ule wake mwenyewe, waliouchukua siku aliyokuwa akitufundisha.

Nikapiga mgongo wa kiti cha mbele kwa kiganja. Pa. Pa. Pa.

"Mama, acha fujo, tunaangalia," mwenye kiti akasema bila kugeuka.

Nikapiga tena. Nyuma yangu kiti kikajikunja, mtu amesimama. Kikajikunja kingine upande wa ukutani, kisha viwili kwa pamoja kule mlangoni, na katika mwanga wa picha nikamwona Bibi Vifungo anashika mgongo wa kiti ili anyooke vizuri.

"Hakuguna!" nikasema, na ukumbi mzima ukanigeukia. "Huyo ni mdogo wangu, na alisema. Zimeni hiyo picha, niwaambie alichosema."