Mirija ya Mkuyu

Jumanne asubuhi Germana alisuuza kopo la dawa ya kuotesha mizizi ya miche, akaupaka maji yale mkuyu wa uani, pale mbuzi walipoguguna gome. Hakupenda kumwaga kitu. Kisha akabeba ndoo kwenda mtoni, mwendo wa saa mbili. Mkwewe Irene alikaribia kujifungua, na zahanati yao huko Msangano haikumpokea mjamzito asiyekuja na ndoo mbili za maji. Bomba la mradi wa maji lilizinduliwa miaka sita nyuma. Lilitoa maji siku hiyo tu.

Wiki tatu baadaye alikata tawi la mkuyu lililoziba njia. Maji yakatoka, maangavu, ya baridi, kwa kasi. Akakinga ndoo hadi ikajaa, akaziba tawi kwa gunzi la mahindi.

Ketrina, bibi shamba wa kata, alikuja kuchungulia. Mirija inayopandisha maji kutoka mizizini, ambayo kwa kawaida huonekana kwa hadubini, sasa ilipitisha kidole gumba.

"Mama, ulipaka dawa nyingi?"

"Suuzo tu, maji ya kusuuzia kopo."

"Ndiyo maana. Ikiwa nyingi, mti hujenga mirija mingi, myembamba. Ikiwa kidogo, michache, mipana."

Ketrina naye akapanga ndoo yake kwenye foleni ya majirani waliokuja kukinga maji.

Irene alijifungua Alhamisi, mtoto wa kike, na kichanga kikaogeshwa kwa maji yenye harufu ya majani mabichi. Germana alikaa kwenye benchi la zahanati, akashangaa tu kwamba shingo haimuumi.

Mwezi uliofuata mhandisi wa mradi, Fanuel, alikunywa vikombe viwili vya maji ya mkuyu, akaandika kwamba maji yapo. Mabomba ya mradi yaliyolala kando ya barabara yakapakiwa kwenye lori, yakaondolewa.

"Na zahanati?" Germana akauliza.

"Mama, nyie si mna mti?"

Zahanati haikuwa na mti. Ndoo mbili zikabaki ndoo mbili.

Jumamosi Germana alikata tawi nene kama paja, akalichovya kwenye suuzo, akalichimbia chini ya dirisha la wodi ya wazazi.

"Litachukua muda gani?" muuguzi akauliza.

"Masika mawili. Labda matatu."

Tangu hapo kila mjamzito aliyefika alimimina kikombe kimoja cha maji ya ndoo zake pale chini kabla ya kuingia ndani. Kufikia Desemba tawi lilikuwa na majani saba.