Uji wa Makungu

Borafya alipotoka Bwejuu kuja Mpendae kumuuguza ndugu yake, alikuja na vitu viwili: mkeka wake na tumbo lake. Basi! Hata chungwa la mgonjwa hakuleta, naye ndiye kaka mkubwa.

Mwatum, mke wa mgonjwa, alimpokea akamwonyesha pa kulala. Mumewe, Makungu, kavimba tezi za shingoni na kwapani, na daktari alishasema bila ya kuficha: ni saratani ya tezi, dawa ipo, lakini kali. "Kwanza mlishe, Bi Mwatum. Mwenye nyama mwilini huihimili. Akija mifupa mitupu, itamuua."

Mwaka huo mchele ulikuwa wa foleni na nyama ya kubahatisha. Mwatum akahangaika: mayai akaletewa na wenzake Makungu wa kazini, Kizimbani, kuku akamtafuta mwenyewe, pweza wa supu akampata.

Borafya akang'aka. "Ebo! Mnaulisha uvimbe huo! Anachokula mgonjwa, wenyewe ndio unaonenepa. Mpeni uji wa muhogo tu, tena bila ya chumvi, mpaka usinyae."

"Na kuku huyu, shemeji?"

"Neema ya Mungu haitupwi," akasema, na paja lishafika mdomoni.

Loo! Mwanamme mzima, ndevu mpaka kifuani, haya hana hata ya kuazima! Mwatum akamdharau hata akawa hawezi kumtazama akitafuna. Kila siku maneno yaleyale ya hekima, na kila siku sahani inarudi jikoni na mifupa.

Lakini aliyemuumiza zaidi ni Makungu mwenyewe. Alimpelekea yai, kalificha chini ya kanga, naye akageukia ukutani.

"Kaka kashakataza. Kaka ni baba, Mwatum. Mie nshauzoea uji."

"Kaka yako anakula uhai wako, nawe unamshukuru!"

Makungu akajifunika shuka gubigubi.

Waliporudi hospitali, daktari alimpandisha kwenye mizani, akaitazama, akatikisa kichwa. Dawa hakutoa. Tezi kusinyaa, wapi! Zilikuwa palepale, aliyesinyaa ni mwenyewe. Akafa kabla ya mwezi kuandama.

Siku ya khitma majirani walichanga mchele, pilau ikapikwa. Borafya alikaa mbele ya wanaume wenziwe, kakunja mikono ya kanzu, akiwahadithia alivyomuuguza ndugu yake mpaka pumzi ya mwisho. Mwatum yumo ndani, kakaa eda, anasikia kila neno.

Masinia yakatoka. Kisha jirani yao Pandu akaleta bakuli peke yake, limefunikwa kawa. "Hili la kaka wa marehemu. Katoa mjane."

Borafya akatabasamu, akapiga bismillahi, akafunua. Ulikuwa uji wa muhogo, umepoa, umeganda utando juu. Watu wote wakaacha kula wakamtazama.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia, wala haikutetemeka.

"Kula, shemeji. Chumvi sikutia."