Bundi wa Fedha Warudi Karakana

Jumanne asubuhi mjane alifungua karakana iliyo nyuma ya duka la vito, akakuta bundi wa fedha wametua kwenye meza yake ya kazi, katikati ya tupa na koleo. Wote aliwatengeneza yeye, na wote walikuwa wameshauzwa. Akawasogeza kidogo, akawasha jiko la kuyeyushia.

Aliwaiga kutoka sarafu za Wagiriki wa kale, waliomtia ndege huyo kwenye fedha yao kwa heshima ya Athena, mungu wao wa kike wa hekima na kazi za mikono. Shemeji yake, aliyeshika duka tangu kaka yake afariki, mwanzoni aligoma. "Shemeji, nani atavaa bundi shingoni? Nuksi hiyo!" Vidani hivyo vilipoanza kugombaniwa, neno nuksi hakulitaja tena. Akawaambia wateja kuwa fundi wake yuko ng'ambo, na visanduku akaviandika hivyo hivyo.

Jambo hilo lilimuuma mjane, hasa kwa ajili ya binti yake, aliyekuwa akijifunza ufundi kwake na mwenye mkono stadi kuliko wake. Binti alishatangaza kuwa Jumamosi anaacha kazi. "Mama, nijifunze ili na mimi niwe mtu wa ng'ambo?"

Kabla ya adhuhuri wateja wakaanza kuja na mikufu mitupu. Wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu.

"Bundi wangu karuka nje dirishani nikinywa chai. Yupo kwenu?"

"Kilichouzwa hakirudishwi," shemeji alijibu.

Mwalimu alisikia mabawa, akazunguka kaunta. Alimkuta mjane akimsugua bundi kwa kidole gumba. Mjane hakupenda mashine ya kung'arishia. Alisema inakula manyoya. Bundi wengine walipanga foleni mezani, vichwa vimeinama, wakingoja zamu.

"Kumbe ni wewe," mwalimu alisema.

"Ni mimi."

Mjane alimsugua bundi wa mwalimu, akamwambia, "Nenda na bibi. Ukinikumbuka, njoo." Bundi akarukia mkufu, akatulia.

Kufikia Ijumaa wateja walishazoea. Visanduku havikubadilishwa, wala jina la shemeji mlangoni. Aliendelea kusimulia habari za fundi wa ng'ambo, nao walimsikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha wakauliza, "Yuko nyuma?"

Jumamosi binti alikuja kuchukua aproni yake. Kwenye kiti chake alisimama bundi mmoja, yule wa kwanza ambaye binti alimtengeneza peke yake, aliyeuzwa jana yake. Mjane alimnyooshea kidole gumba. Bundi akampa kisogo.

"Huyo si wangu," mama alisema, machozi yakimtoka bila kuyaficha.

Binti alimtazama ndege, ndege akamtazama yeye. Akajifunga aproni.

"Haya, sogea nikae," alimwambia.